MSAIDIZI WA TABIBU WA MENO NA MGONJWA MWENYE MAHITAJI MAALUMU
Somo la sayansi ya afya kutoka Kasulu na Kibondo

Kinywa cha binadamu ni mlango wa njia mbili. Chakula hupitia humo kwenda tumboni, na hewa nayo hupitia humo kwenda mapafuni kila mara pua inapoziba au mtu anapohema kwa nguvu. Njia hizo mbili hukutana kooni. Kwa mtu mwenye afya, makutano hayo hulindwa bila yeye mwenyewe kufikiri: anapomeza, kidakatonge hufunika mlango wa hewa, na tone la maji likikosea njia, hukohoa papo hapo na kulitoa. Mambo haya mwanafunzi wa baiolojia huyasoma katika sura ya mfumo wa upumuaji, akachora mchoro wake, kisha akaendelea na sura nyingine.

Katika chumba cha matibabu ya meno mchoro huo huwa jambo la uhai. Tiba ya meno huweka maji, mate, damu, vipande vya jino na vyuma vyenye ncha kali mahali pale pale njia hizo zinapokaribiana. Aidha, tabibu anayefanya kazi hulazimika kukaza macho yake kwenye eneo dogo lisilozidi milimita chache. Anayetazama jino hawezi wakati huo huo kutazama rangi ya midomo ya mgonjwa, mwendo wa kifua chake, vidole vinavyoanza kukunjika na macho yanayotafuta mahali pa kukimbilia. Hayo ni kazi ya mtu wa pili, yaani msaidizi wa tabibu wa meno. Kwa mgonjwa ambaye ulinzi wa koo lake ni dhaifu, au ambaye hawezi kusema kwamba anaumia, mtu huyo wa pili ndiye anayeamua kama tiba itafanyika au haitafanyika.

Neno “msaidizi” lina udhaifu wake. Humfanya msikilizaji afikirie mtu wa kubeba ndoo na kuosha vyombo. Katika hospitali nyingi za wilaya nchini Tanzania kazi hii hufanywa na muuguzi au mhudumu wa afya aliyejifunza akiwa kazini, na pengine hiyo ndiyo sababu wengi huidharau. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ndani yake mna fizikia, kemia na baiolojia ile ile inayofundishwa katika shule za sekondari.

Kwa nini Kasulu na Kibondo

Wilaya za Kasulu na Kibondo zipo katika nyanda za juu za Buha, mashariki ya Ziwa Tanganyika, zikipakana na Burundi. Mwaka 2012 zilimegwa: Buhigwe ikatoka Kasulu, na Kakonko ikatoka Kibondo. Ni nchi ya vilima, migomba, maharage na barabara za udongo mwekundu, na vijiji vyake vingi viko mbali na hospitali.

Umbali huo ni sehemu ya somo. Katika miji mikubwa, mtoto mwenye mtindio wa ubongo au ulemavu mkubwa wa akili anapohitaji kutibiwa meno kadhaa, wataalamu huweza kumpa dawa ya usingizi kamili na kumtibu yote kwa siku moja. Tiba hiyo huhitaji mtaalamu wa usingizi, mashine ya hewa, chumba cha upasuaji na daktari wa meno, wote kwa pamoja. Mgonjwa wa Kibondo anayeitafuta huduma hiyo hutazamia safari ya Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, au ya Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao. Mama aliyembeba mgongoni mtoto wa miaka tisa asiyeweza kutembea hafanyi safari kama hiyo kwa sababu ya jino, hata akiandikiwa barua ya rufaa. Hivyo basi, mara nyingi kinachowezekana ni kile kitakachofanyika hapo hapo wilayani, kwa dawa ya ganzi na kwa mikono minne: miwili ya tabibu na miwili ya msaidizi.

Kisipofanyika, jino haliponi lenyewe. Usaha wa gego la chini huweza kupenya mfupa wa taya na kuteremka chini ya ulimi hadi shingoni. Uvimbe huo huinua ulimi na kuusukuma nyuma, na mgonjwa huweza kufa kwa kukosa hewa. Hali hii ilielezwa na daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, mwaka 1836, na hata leo inajulikana kwa jina lake. Mtoto anayeweza kusema atalalamika wiki nyingi kabla hajafikia hapo. Mtoto asiyeweza kusema atakataa ugali, atajipiga shavuni, atalia usiku, na wazazi watadhani ni tabia ya ulemavu wake. Msaidizi mwenye maarifa humwuliza mama maswali kuhusu chakula na usingizi kabla ya kuuliza kuhusu jino.

Katika mazungumzo hayo ya mlangoni msaidizi husikia mengine pia. Katika sehemu nyingi za Tanzania ipo imani ya “meno ya plastiki”: mtoto mchanga akishikwa na homa au kuharisha, fizi zake huchokolewa na vijimeno ambavyo havijaota hutolewa kwa chombo kisichochemshwa. Mama hawezi kumwambia tabibu jambo hili kwa urahisi, lakini atamwambia mwanamke mwenzake anayezungumza Kiha naye kwenye benchi. Hata Mrundi hahitaji mkalimani kwa mazungumzo hayo, kwani Kiha na Kirundi ni lugha ndugu na wasemaji wake huelewana.

Wilaya hizi zina historia nyingine inayohusika. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo; Mtabila, katika wilaya hiyo hiyo, ilikuwa ya Warundi hadi ilipofungwa mwaka 2012. Huduma ya meno katika kambi hizo mbili ilielezwa katika jarida la kimataifa la tiba ya meno mwaka 2011. Msingi wake ulikuwa kuwafundisha wahudumu wa afya wa kambini kutoa huduma ya dharura ya kinywa. Jambo hilo linathibitisha kwamba ujuzi wa msingi wa kinywa hauhitaji jengo la ghorofa. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipokimbia tena. Katika kila kambi ya aina hii wamo watu wenye ulemavu, na wao huwa wa mwisho kufika kwenye foleni.

Mkao wa mwili

Mtindio wa ubongo hutokana na jeraha la ubongo ambao bado unakua, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au mara baada yake. Jeraha lenyewe haliongezeki, lakini amri zinazotoka ubongoni kwenda kwenye misuli huwa zimevurugika. Misuli mingine hukakamaa. Mingine hucheza bila kuamriwa. Vilevile ile miitikio isiyo ya hiari ambayo kila mtoto mchanga huzaliwa nayo, na ambayo kwa kawaida hufifia katika miezi ya kwanza, huweza kubaki kwa miaka.

Miitikio miwili inamhusu sana msaidizi. Wa kwanza ni ule wa shingo: kichwa kikigeuzwa upande mmoja, mkono na mguu wa upande huo hunyooka na wa upande wa pili hukunjika, kama mtu anayevuta upinde. Tabibu asiyejua humgeuza mtoto kichwa ili aone gego vizuri, na mkono unaruka na kupiga trei ya vifaa. Mama huomba radhi kwa ukorofi wa mwanawe. Hakuna ukorofi hapo. Ni neva tu. Wa pili ni mshtuko: sauti ya ghafla, mguso usiotarajiwa, au kiti kinacholazwa haraka huufanya mwili mzima ukakamae.

Dawa yake ni maandalizi. Kichwa huwekwa katikati, katika mstari mmoja na kifua. Magoti hukunjwa, na chini yake huwekwa mto au kitenge kilichoviringishwa. Mapaja yakikunjwa hivyo, ile nguvu ya kujinyoosha hupungua na taya nalo hulegea. Mikono hukutanishwa juu ya tumbo. Kiti hakilazwi kabisa. Mgonjwa anayemeza kwa shida huketi akiwa ameegemea nyuma kiasi cha nyuzi 30 hadi 45 kutoka usawa wa sakafu, kwa kuwa akilazwa chali mate hutiririka yenyewe kuelekea kooni. Kama mgonjwa amekuja na kiti cha magurudumu kinachomfaa, mara nyingi ni afadhali atibiwe humo humo, magurudumu yakiwa yamefungwa breki na msaidizi akiwa nyuma, ameshika kichwa kwa mikono miwili na kukiegemeza kifuani pake. Mtoto mdogo huweza kulazwa juu ya mapaja ya watu wawili walioketi wakitazamana, magoti yao yakigusana: kichwa kwa tabibu, miguu kwa mama.

Nguvu ya taya

Taya la chini ni nyenzo ya daraja la tatu. Egemeo lake ni kiungo kilicho mbele ya sikio. Jitihada ni msuli wa shavu. Mzigo ni kile kilichoumwa. Kwa kuwa magego yako karibu zaidi na egemeo na msuli kuliko meno ya mbele, nguvu inayofika kwenye magego ni kubwa zaidi. Mwanafunzi anaweza kulijua hili bila kifaa chochote: mfupa wa kuku huvunjwa kwa magego.

Baadhi ya wagonjwa wana mwitiko wa kuuma: kitu kikigusa meno au fizi, taya hufunga kwa nguvu na halifunguki hata mwenyewe akitaka. Kidole kilichokutwa kati ya magego kitavunjika. Kioo cha kinywa cha kawaida nacho huweza kupasuka na kuacha vipande mdomoni, ndiyo sababu kwa wagonjwa hawa hutumiwa kioo cha chuma kilichong'arishwa. Msaidizi huandaa kizuizi cha kuuma. Kipo cha mpira kinachouzwa, lakini kinachopatikana popote ni vijiti bapa vitatu au vinne vya kukandamizia ulimi, vikipangwa pamoja, vikazungushiwa shashi na plasta. Uzi mrefu hufungwa kwenye kizuizi na kuachwa ukining'inia nje ya kinywa, ili kikiponyoka kivutwe kabla hakijafika kooni. Kifaa kikiumwa, hakivutwi. Kuvuta huzidisha mwitiko na huvunja meno. Msaidizi hutulia, hukiegemeza kichwa mbele kidogo, na kusubiri. Baada ya sekunde kadhaa taya huachia.

Mate na hewa

Mashine ya kunyonya mate ni kitu rahisi: hupunguza kanieneo ndani ya mrija, na kanieneo kubwa zaidi ya hewa ya nje husukuma mate kuingia humo. Lakini mashine hutaka umeme. Kasulu na Kibondo zilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya gridi ya Taifa kufika katika miaka ya 2020, na umeme hukatika hata penye gridi. Msaidizi aliyezoea hali hiyo hujua njia nyingine: pampu ya mguu kama ipo, na kama haipo, kumwinamisha mgonjwa kidogo kwa upande, mwili mzima pamoja na kichwa, ili mate yakusanyike katika shavu la chini badala ya kooni, kisha kuyafyonza kwa shashi iliyokunjwa. Shashi hizo huhesabiwa zinapoingia na zinapotoka.

Dalili za kupaliwa si kikohozi peke yake. Kwa mgonjwa ambaye mwitiko wake wa kukohoa ni dhaifu, maji huweza kuingia mapafuni kimya kimya, na matokeo yake yakaonekana siku mbili baadaye kama homa ya mapafu. Msaidizi hutazama macho yanayotoa machozi ghafla, sauti ya kukoroma kama ya maji shingoni, na midomo inayogeuka rangi. Kwa ngozi nyeusi badiliko hili huonekana mapema zaidi kwenye fizi na kwenye kitako cha kucha kuliko usoni. Akiliona, husema neno moja tu, na tabibu huondoa mikono. Ni vema neno hilo likubaliwe kabla ya kazi kuanza. Si wakati wa kutafutana kwa sentensi.

Saruji inayotengenezwa kwa haraka

Tanzania ina mchango wake katika tiba ya meno duniani, ingawa wanafunzi wengi hawaujui. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake wa shule ya meno ya Muhimbili walianza kujaribu njia ya kutibu jino lililooza bila mashine ya kutobolea: sehemu iliyolainika hukwanguliwa kwa vifaa vya mkono, na tundu hujazwa saruji inayoshikana na jino. Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo katika Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, ambayo mwaka huo ilihusu afya ya kinywa. Ilibuniwa kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme. Lakini kwa mgonjwa anayeshtuka kwa kelele ina faida ya pili: haina mlio, haina mtikisiko, haina maji yanayomwagika kooni, na mara nyingi haihitaji sindano.

Saruji inayotumika huitwa glasi-ionoma. Unga wake ni glasi iliyosagwa, yenye alumini, silika, kalsiamu na florini. Maji yake yana asidi ya poliakriliki. Vikichanganywa, asidi hushambulia chembe za glasi, ayoni za metali huachiliwa, na mmenyuko wa asidi na besi huzaa chumvi ngumu. Asidi hiyo pia hushikana na kalsiamu ya jino lenyewe, na floridi hutoka polepole kwa muda mrefu na kulilinda jino.

Anayechanganya ni msaidizi. Muda alio nao ni kati ya sekunde 20 na 30, na mchanganyiko huwekwa jinoni ukiwa bado unang'aa. Mng'ao ukishatoweka, maana yake asidi huru imekwisha kutumika, na saruji haitashikana na jino hata ikisukumwa kwa nguvu gani. Kadiri joto linavyoongezeka ndivyo mmenyuko unavyoharakishwa. Mchana wa Septemba, kabla ya mvua, muda huo hupungua, na kibao cha kuchanganyia huwekwa mahali pa baridi kabla ya kazi. Ugumu uko hapa: mtoto mwenye mtindio wa ubongo hutulia kwa vipindi. Msaidizi akichanganya mapema, saruji hufa kabla mtoto hajatulia. Akichelewa, utulivu hupita. Hujifunza kusoma pumzi za mtoto, na kuanza kuchanganya pale misuli inapoanza kulegea.

Hesabu ya ganzi

Pale jino linapostahili kung'olewa, ganzi ni lazima. Dawa ya kawaida ni lidokaini ya asilimia 2, maana yake miligramu 20 katika kila mililita. Katriji yenye mililita 1.8 ina miligramu 36. Kipimo cha juu kinachofuatwa kwa watoto ni miligramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito.

Sasa achukuliwe mtoto wa kubuni mwenye umri wa miaka tisa. Anayekua vizuri huweza kuwa na kilo 26, na kipimo chake cha juu ni miligramu 114, yaani katriji tatu. Mwenzake wa umri huo mwenye mtindio wa ubongo, anayelishwa uji kwa shida tangu utotoni, huweza kuwa na kilo 12 tu. Kwake, 12 mara 4.4 ni miligramu 52.8. Katriji ya pili nzima ingemfikisha miligramu 72, na dawa ikizidi katika damu huleta mtetemeko, degedege na kusimama kwa pumzi. Aliyemkadiria kwa umri amekosea vibaya. Msaidizi humpima kwenye mizani akiwa mikononi mwa mama, kisha humpima mama peke yake, na kutoa. Ni hesabu ya darasa la tatu, na huokoa maisha.

Baadhi ya wagonjwa na mambo yao

Mgonjwa wa kifafa huulizwa lini alianguka mara ya mwisho, na kama amemeza dawa yake asubuhi. Wengine, kwa kuogopa kwamba hawaruhusiwi kula chochote kabla ya kutibiwa, huja bila kuimeza. Anayetumia fenitoini huweza kuwa na fizi zilizokua hadi kufunika meno nusu. Hizo humtaka msaidizi afundishe namna ya kupiga mswaki kwa upole kuliko kutafuta kisu. Akianguka kitini, vifaa vyote hutolewa kinywani, kiti huteremshwa, mgonjwa hugeuzwa ubavu na saa hutazamwa. Hakuna kijiko kinachoingizwa kati ya meno. Degedege likizidi dakika 5 ni dharura, na daktari wa zamu huitwa.

Mwenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo katika karibu nusu ya hali zote, kwa hiyo swali la moyo huulizwa kabla ya koleo kushikwa. Wapo wanaohitaji dawa ya kuua bakteria kwanza. Viungo vya juu vya shingo yake huweza kuwa legelege, na shingo haipindwi kwa nguvu.

Kiziwi hutazama midomo, nayo barakoa huificha. Maelezo yote hutolewa kabla ya barakoa kuvaliwa, na ishara ya “simama” hukubaliwa mapema: kuinua mkono wa kushoto, kwa mfano. Asiyeona hupewa kioo na pamba avishike kwa mikono yake, na hunusishwa mafuta ya karafuu kabla hayajapakwa, kwani harufu kali inayotokea gizani ni mshtuko kwa mtu yeyote. Utaratibu wa “eleza, onyesha, tenda”, uliopewa jina hilo na daktari Mmarekani Addelston mwaka 1959, kwa asiyeona hugeuka kuwa eleza, gusisha, tenda.

Wa Kabanga

Watu wenye ualbino wanastahili kuelezwa kwa kirefu zaidi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa Tanzania ni mtu 1 katika kila 1,400, kiwango kikubwa kikilinganishwa na nchi nyingi. Kabanga, karibu na mji wa Kasulu, ina shule ya msingi Kabanga Mazoezi, iliyokuwa ikipokea watoto wenye ulemavu. Kuanzia mwaka 2008, mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi katika mikoa ya Ziwa na Magharibi, watoto na hata watu wazima walikimbilia huko kutafuta hifadhi.

Ualbino ni upungufu wa melanini katika ngozi, nywele na macho. Jicho lisilo na melanini halizuii mwanga wa ziada, na mboni huchezacheza bila kukoma. Taa ya meno ikiwashwa usoni, mgonjwa huyu huumia macho kabla hajaguswa jino. Msaidizi huiwasha ikiwa imeelekezwa kifuani, kisha huipandisha polepole hadi kinywani na kuishia hapo. Mgonjwa huvaa miwani myeusi au hufunikwa macho kwa kitambaa, baada ya kuulizwa kama anakubali kufunikwa. Wapo watakaokataa. Mtoto aliyewahi kufichwa usiku kwa sababu watu walikuja na mapanga hatakubali kulazwa, kufumbwa macho na kushikwa mikono na watu wasiomfahamu mbele ya trei ya vyuma vinavyong'aa. Kukataa kwake kuna akili ndani yake. Kwa mtoto huyo ziara ya kwanza na ya pili huweza kupita bila kung'oa kitu: hukaa kitini, hushika kioo, huhesabiwa meno, huondoka. Wasimamizi wa hospitali wanaohesabu idadi ya meno yaliyong'olewa kwa siku hawapendi ziara za namna hii. Lakini ziara hizo ndizo tiba inayoanza.

Jambo la pili ni mdomo wa chini. Umetokeza mbele na hupigwa na jua la adhuhuri moja kwa moja, na kwa mtu asiye na melanini mionzi ya urujuanimno huharibu chembehai zake mwaka hadi mwaka. Nyufa, magamba yasiyoisha, au kidonda kisichopona katika wiki tatu huweza kuwa mwanzo wa saratani. Msaidizi ndiye anayefuta na kupaka mafuta midomo hiyo kabla ya kazi, hivyo huiona kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote. Anachokiona hukiandika kwenye kadi na kumwonyesha tabibu. Hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengeneza mafuta ya kuzuia jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kofia pana nayo huuzwa kila gulio.

Kushika na kufunga

Swali gumu ni lini mgonjwa ashikwe kwa nguvu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda utu wa mgonjwa, lakini haimwelezi msaidizi afanye nini saa nne asubuhi mtoto anapopiga mateke. Wataalamu wengi hutofautisha kushika na kufunga. Mkono uliowekwa juu ya mkono unaotetemeka, ili mgonjwa asijidhuru, ni msaada. Na mikono ya mama hufaa kuliko ya mgeni. Kumfunga mtu kwa shuka ili kazi iishe upesi, kwa jino lisilo na dharura, ni kununua jino moja kwa gharama ya mengine yote, kwa sababu hatarudi tena. Usaha unaoelekea shingoni ni jambo jingine: hapo mzazi huelezwa, hukubali, na kazi hufanywa kwa dakika chache kadiri iwezekanavyo.

Baada ya jino kutoka

Ganzi ya taya la chini hudumu saa mbili hadi tatu. Mtoto mwenye ulemavu wa akili hauhisi mdomo wake, huutafuna kama kitu kigeni, na jioni hurudi na kidonda kikubwa kuliko cha jino. Mama huambiwa amtazame muda wote huo na asimpe chakula cha moto. Shashi huumwa kwa dakika 30. Kwa yule asiyeweza kuuma kwa kuamriwa, msaidizi huibana kwa kidole chake nje ya mstari wa meno, uzi ukining'inia, akihesabu dakika. Na mgonjwa anayerudi Nyarugusu au kijiji cha mpakani kwa pikipiki haruhusiwi kuondoka mpaka kovu la damu lionekane limeganda, kwa kuwa akianza kutoka damu njiani usiku hakuna wa kumrudisha.

Maswali kwa darasa

1. Mgonjwa wa kilo 18 ameshapewa katriji moja ya mililita 2.2 ya lidokaini ya asilimia 2. Je, inawezekana kumwongezea katriji nyingine nzima? Onyesha hesabu.

2. Chora taya la chini kama nyenzo, uonyeshe egemeo, jitihada na mzigo. Eleza kwa nini kizuizi cha kuuma kilichotengenezwa kwa kijiti kimoja hakifai.

3. Vibao viwili vya kuchanganyia saruji, kimoja kimetoka kwenye maji ya mtungi na kingine kimekaa dirishani juani. Ni kipi kitampa msaidizi muda mrefu zaidi, na kwa sababu gani ya kikemia?

4. Mwanafunzi ageuze kichwa chake kushoto taratibu akiwa amefumba macho. Mkono wake wa kushoto haunyooki. Ni sehemu gani ya mwili inayoizuia miitikio ya utotoni isijitokeze kwa mtu mzima?